Shujaa wa Bukima Waliyemvua Kitenge

Shangazi yangu alinilea Bukima, nyumba ya tatu kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inapofikia, na ndiye mtu wa kwanza niliyemchora akatoka anafanana. Alikuwa mnene, mguu wa kushoto unachechemea. Mguu ule ulikuwa na habari yake. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara, mke wa jirani akashikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Shangazi alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akimsemesha njia nzima asizimie. Mama alipona, mtoto akapona. Mguu wa shangazi haukupona.

Vitabu vya katuni nilivyosoma utotoni vilikuja kwenye maboksi ya misaada ya kanisa, vingi vimeshachanika majalada. Mashujaa wote walikuwa wazungu. Mweusi akitokea, ama anabeba mizigo ama anaokolewa. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo karatasi ilivyo.

Nilipokuwa mkubwa nilipata kazi Musoma mjini, kwenye duka la kuchapisha mabango, kadi za harusi na fulana za misiba. Baada ya kazi nilikuwa nabaki na kompyuta ya duka nachora vitu vyangu. Ndipo nikamtengeneza shujaa: mwanamke wa miaka hamsini na nane, anaanika dagaa kwenye vichanja, anachechemea, na mtu akishapanda mgongoni mwake hafi mpaka amtue. Hana silaha. Kazi yake ni kutembea.

Nilikwenda Bukima nikamwonyesha shangazi.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe."

"Na kitenge changu hiki hiki?"

"Hicho hicho, shangazi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo, nikienda, alikuwa akisimama mbele ya vichanja vyake na kuniambia nimchore upande huu, upande ule umekunjamana.

Kurasa chache nilizoweka mtandaoni zilimfikia mhariri wa shirika kubwa la vitabu ng'ambo. Miaka ile wachapishaji wa huko walikuwa wanatafuta mashujaa weusi kama watu waliosikia kwamba Buhemba dhahabu imetoka juu. Tulizungumza kwa simu ya video. Alikuwa mwanamke mweusi kama mimi, mzaliwa wa huko huko, na akaniambia alilia aliposoma. "Watoto wetu wanahitaji kujiona," alisema. Nilimwamini, na mpaka leo naamini alisema kweli.

Nikasaini mkataba. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Barua yake ya kwanza ya masahihisho ilikuwa ya upole sana. Wasomaji ni vijana, aliandika, je, shujaa anaweza kuwa na miaka kumi na tisa? Nilijiambia kwamba hata shangazi aliwahi kuwa na miaka kumi na tisa. Nikamchora hivyo, nikamwondolea na kuchechemea, maana msichana wa umri ule hana sababu ya kuchechemea. Barua ya pili ilisema kitenge hakionyeshi Afrika vizuri, ingefaa ngozi ya mnyama na chale usoni. Ya tatu iliuliza kama lazima awe na samaki. Watu wa mauzo walipenda simba. Basi nikafuta ziwa, nikaweka mbuga na simba wa kumpanda.

Mgongo ndio uliobaki. Siku hiyo mhariri alipiga mwenyewe.

"Wenzangu wana wasiwasi," alisema. "Mwanamke mweusi anayebeba watu mgongoni. Msomaji ataona mtumwa. Ataona punda."

"Huku kwetu haonekani hivyo."

"Najua. Lakini kitabu hakisomwi huko kwenu."

Aliyasema bila ubaya, kama daktari anayekueleza ugonjwa. Nikasema sawa. Tukampa radi itokayo viganjani. Ile sawa niliisema mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha duka huku nyuma yangu mashine inatoa fulana za msiba wa mtu.

Na muda wote huo shangazi alikuwa akiniuliza kitabu kinaendeleaje, nami namjibu kinaendelea vizuri.

Nakala zilipofika posta ya Musoma nilichukua mbili nikaenda Bukima. Nilikuta amewaita wanawake wenzake wa kwaya na mchungaji. Amevaa kitenge kile, kimepigwa pasi. Sala ikasaliwa, kitabu kikaombewa. Akapewa akifungue yeye. Alifungua taratibu, akafunua kurasa moja moja kwa ncha za vidole, asiichafue karatasi.

Alipofika katikati akaniuliza, "Mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Nikamwonyesha jalada.

Alilitazama muda mrefu. Mwanamke mmoja wa kwaya akajaribu kusaidia. "Labda ni ujana wako, dada."

"Ujana wangu nilikuwaga na nguo," shangazi alisema.

Mchungaji akakohoa. Watu wakaletewa chakula, sato na ugali, wakala, wakashukuru, wakaondoka mapema kuliko kawaida. Tulipobaki wawili akaanza kukusanya sahani. Nilitaka kumsaidia, akasema niache.

"Hao watu walikuomba umbadilishe?"

"Waliomba."

"Wakakushikia panga?"

"Hapana, shangazi."

"Wakakudanganya watamwacha alivyo?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Kitabu kilisifiwa huko nje. Waliandika kwamba ni sauti halisi ya Afrika. Hapa Mara nilialikwa mara moja tu, na shule moja ya Butiama, nikazungumze na wanafunzi. Binti mmoja alinyoosha kidole, akauliza shujaa huyu anatoka wapi.

"Hapa hapa Mara."

"Hapa wapi? Sisi kwetu ni Bunda, karibu na hifadhi. Ukiingiza ng'ombe tu unakamatwa. Huyu anapanda simba, hawamkamati?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akawanyamazisha kwa niaba yangu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Binti yule alikuwa amesoma kitabu changu vizuri kuliko waliokisifu.

Toleo la pili halikutoka. Mhariri aliniandikia kwamba shirika limefunga safu yote ya mashujaa weusi, kwamba upepo umegeuka na hata yeye mwenyewe amepunguzwa kazini. Aliomba radhi. Nikamwandikia aliyebaki ofisini, nikaomba nirudishiwe mwanamke wangu. Yule wa kwanza, mnene, mwenye kitenge, ambaye hawakumtumia hata kwenye ukurasa mmoja. Jibu lilikuwa mistari minne. Jina, sura zote zilizochorwa kabla na baada, na uwezo wa kubeba watu mgongoni, vyote ni mali ya shirika, na hawana mpango navyo kwa sasa. Nilitoa mkataba kwenye bahasha. Ilikuwa imeandikwa hivyo kweli, kwenye ukurasa ambao sikuusoma.

Sasa naona kwenye mtandao kwamba mashujaa weusi wamerudi tena, mashirika mengine, wahariri wengine, sababu zile zile. Vijana wa Musoma wanakuja dukani kuniuliza wapeleke wapi kazi zao. Nawaambia wasome mkataba wote. Wananiona mzee mwenye wivu, na siwezi kukataa kwamba wivu upo.

Bukima bado nakwenda. Shangazi hajawahi kunitupia neno baya, wala hakitaji kitabu. Lakini zamani nikifika alikuwa akinipa ndoo niende ziwani, au ananiambia nigeuze dagaa kabla jua halijapungua. Siku hizi ananifutia kiti kwa upande wa kanga, ananiwekea kwenye kivuli, kisha anatuma mtu dukani akaniletee soda.