Kaka Yangu Nilimpata Kwenye Wimbo wa Saba

Kaka yangu Matiko alipotea mwaka 2006. Nilimpata mwaka 2021, kwenye wimbo wa saba wa albamu ya rap.

Huenda na wewe umewahi kuucheza huo wimbo.

Nasimulia nikiwa na hasira, mnivumilie. Anayetaka simulizi ya upole atafute mtu mwingine.

Naitwa Robi. Nina mgahawa mdogo Nkende, hapa Tarime mjini. Supu na chapati asubuhi, ugali mchana, jioni nafunga.

Mwaka huo wa 2021 kila redio ilikuwa na habari moja: "Kifusi" inatimiza miaka kumi na tano. Watangazaji walitoa mapovu. Eti albamu ya kihistoria, eti sauti ya mnyonge.

Kwa wasioijua, "Kifusi" ni kazi ya Machage, kijana wa kwetu. Alitoka kwenye machimbo ya dhahabu na daftari la mistari, akaishia Dar es Salaam na gari la vioo vyeusi. Nyimbo tisa, zote za mlimani: zebaki, nyundo, polisi, mashine ya kusaga mawe.

Na nitasema ukweli hata kama unanichoma. Albamu ni kali. Anayesema Machage hajui kuchana mistari ana wivu tu.

Wimbo wa saba ndio uliompa jina. Unaitwa "Nipo Hapa". Unaanza na mama analia kwa Kikurya, anamwita mtu. Halafu ngoma inaingia, na ukumbi mzima unaitikia: "Nipo hapa! Chini ya kifusi, nipo hapa!"

Huyo mama anayelia ni mama yangu mzazi. Anaitwa Waisiko.

Miaka kumi na tano watu wamekata viuno juu ya kilio cha mama yangu.

Sasa rudi nami nyuma.

Mwaka 2006 kulikuwa na rashi. Mtu mmoja aliokota dhahabu kwenye kilima upande wa Nyambureti, na ndani ya wiki mbili kilima kizima kilikuwa mashimo. Watu waliacha ng'ombe, waliacha wake, mwalimu mmoja aliacha darasa na chaki mkononi.

Matiko alikuwa kwenye shimo moja na Machage na mwenzao Sylvester. Wao hawasemi shimo, wanasema duara.

Matiko na Machage walitahiriwa msimu mmoja. Kwa sisi Wakurya hiyo si habari ndogo. Huyo ni rika lako. Ng'ombe zikiibwa mnafuata pamoja. Ukifa, rika lako ndiye wa kwanza kushika jembe la kaburi.

Lishike hilo, tutalirudia.

Matiko alikuwa anakuja nyumbani kila Jumapili. Jumapili moja hakuja. Mama alisubiri mpaka Jumatano, akajifunga kanga yake akaenda mlimani.

Machage akamwambia, "Mama, Matiko kavuka Sirari. Kapata mchumba Mkenya."

"Bila kuniaga?"

"Vijana wa siku hizi, mama."

Mama hakuamini. Matiko hakuwa mtu wa kwenda hata dukani bila kuaga. Akasimama palepale kati ya mashimo, akaanza kulia na kumwita. "Matiko, uko wapi? Niitikie, mwanangu, uko wapi?"

Machage alikuwa na rekoda ya kuazima mkononi. Akamrekodi.

Miezi michache baadaye kilio kikatoka kwenye albamu.

Nilimfuata nikiwa nalia. "Machage, toa sauti ya mama humo."

Akacheka. "Dada Robi, mama amekuwa staa! Watu wangelipa wapate nafasi hiyo."

Kwenye mahojiano alikuwa anasema yule ni mwigizaji aliyemwokota sokoni. Fikiria.

Na mama? Kila siku ya soko alikuwa mpakani Sirari, anaangalia sura za wanaume wanaovuka. Miaka kumi na tano. Watu walimcheka. Walisema mwanao amekukimbia, wewe mama king'ang'anizi.

Nilipojifungua mtoto wa kiume nilitaka nimwite Matiko. Mama aliwaka. "Jina la mtu aliye hai ulichukue ulipeleke wapi?"

Hakukuwa na matanga wala kaburi. Mama alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: ajue mwanawe yuko wapi.

Basi, miaka kumi na tano ikafika.

Albamu ile ilirekodiwa hapahapa Tarime na Faridu. Baba yake, mzee Bushiri, alikuja kutoka pwani na cherehani yake. Nyuma ya duka la ushonaji Faridu alibandika magodoro ukutani, akaita studio. Ile rekoda aliyokuwa nayo Machage ilikuwa yake. Alimtuma akakusanye milio ya mlimani: nyundo, mashine, kelele za watu.

Kwa sherehe ya miaka kumi na tano, Faridu akapandisha mtandaoni kanda zote za zamani bila kuzikata. Akaziita "Kifusi Ghafi".

Nilizisikia nikiwa nasukuma chapati. Mteja mmoja kaweka simu mezani, anaionyesha kwa mwenzake. Nikasikia sauti ya mama.

Kwenye wimbo, kilio ni sekunde ishirini. Hapa kiliendelea. Mama analia, mashine inasaga mawe, mama anaita. Halafu karibu kabisa na rekoda ikaja sauti ya mwanaume, ya chinichini, kwa Kikurya.

"Machage, mwondoe huyo mama. Amesimama juu yake."

Na Machage akajibu, "Subiri kwanza, narekodi."

Chapati iliungua. Mteja alikuwa anatikisa kichwa, anaona ni milio tu ya mlimani.

Nilichukua ile simu mezani bila kuomba. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikarudia. Nikarudia tena.

Nikatoka na aproni yangu mpaka kwa Faridu.

"Faridu, ulisikiliza hii kitu kabla hujaipandisha?"

"Nilisikiliza, dada. Si mlio wa mashine na watu wanapiga stori?"

"Wanasema nini?"

"Dada Robi, unanijua. Mimi Kikurya changu kinaishia kwenye salamu na bei."

Amezaliwa Tarime, kakulia Tarime, anaishi na Wakurya mwaka wa arobaini huu, na hajui wanachosema mbele yake! Nilitaka kumpiga. Nikamtafsiria lile la kwanza tu. Akakaa chini sakafuni.

"Na Machage hakuisikiliza?"

"Nilimtumia yote. Akasema weka tu, mashabiki wanapenda vitu ghafi. Nafikiri hakufika hata dakika ya pili."

Kiburi hicho. Alikuwa ameshasahau alichofukia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa shoo, uwanjani hapa Tarime. Saa tisa mchana wanajaribu spika, vijana wamejaa, wauza miwa wamejaa. Machage yuko jukwaani na miwani yake.

Polisi nilikuwa nimeshawapelekea kanda asubuhi, wakaniambia nisubiri. Nimesubiri miaka kumi na tano, nisubiri tena?

Nilikwenda na watu wawili. Mmoja Nyangwine, ambaye ni wa rika lao. Mwingine mama. Masikio ya mama siku hizi hayasikii mpaka upige kelele, kwa hiyo simu haikumsaidia. Nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu, sebuleni, nikimshika mikono. Hakulia. Aliuliza tu, "Amesema nimesimama juu yake?"

"Ndiyo, mama."

Akachukua fimbo yake. "Twende."

Faridu ndiye alikuwa kwenye mitambo. Nikamwambia, "Piga kanda. Nikiinua mkono, unakata hapo hapo."

"Mbele yake kuna nini?"

"Faridu, unakata."

Akapiga.

Kilio cha mama kikajaa uwanja mzima. Vijana, kwa mazoea, wakaitikia: "Nipo hapa! Chini ya kifusi, nipo hapa!"

Machage akatabasamu. Akainua mikono juu.

Ngoma haikuingia. Ikaja ile sauti. "Machage, mwondoe huyo mama. Amesimama juu yake."

"Subiri kwanza, narekodi."

Nikainua mkono. Faridu akakata.

Mnajua uwanja wa Wakurya ukinyamaza? Wale wa kutoka Dar walikuwa wanaulizana kuna nini. Wenyeji wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja. Muuza miwa aliweka panga lake chini.

Machage hakuwatazama wao. Alikuwa anautazama mkono wangu. Alijua kwa nini nimeuinua pale, na akajua kwamba najua.

Nyangwine akapanda jukwaani. "Rika, Matiko yuko wapi?"

Nyangwine akasogea hatua moja.

"Nakuuliza kwa kisu kilichotutahiri. Matiko yuko wapi?"

Machage akavua miwani. "Duara lilianguka, kaka. Ijumaa. Sylvester akasema serikali ikisikia watafunga mlima mzima, na tulikuwa tumeufikia mwamba wenye mali. Tulikuwa vijana. Tukamwaga kifusi juu, tukahamia shimo la pili."

Sylvester tayari ni marehemu, pikipiki ilimmaliza. Rahisi sana kumtwika marehemu.

Mama alikuwa anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba amekubali.

Polisi walifika wakamwokoa, maana asingetoka salama. Lakini kesho yake walimleta kilimani akiwa na pingu, na rika zima likaja na majembe.

Kilima siku hizi ni majani na mashimo yaliyojifukia. Machage anazunguka tu, mara hapa, mara pale. Yeye hakukumbuka.

Mama ndiye aliyekumbuka.

"Nilisimama penye simenti ya ile mashine," alisema. "Miguu ilikuwa inauma, nikaegemea."

Tukautafuta msingi wa ile mashine, tukaukuta chini ya nyasi. Mama akaenda akaegemea vilevile kama siku ile. Akachora duara kwa fimbo kuzunguka miguu yake.

"Chimbeni."

Nyangwine alimwomba askari amfungue Machage mkono mmoja. Akampa jembe. Rika ndiye wa kwanza, si ndivyo? Akachimba la kwanza huku kamasi zinamtoka. Sikumwonea huruma, na sitajifanya.

Siku tatu.

Tulidhani watamkuta chini kabisa, mita ishirini na kitu. Walimkuta mita nne tu kutoka juu, kwenye kijishimo cha pembeni ambacho hakikuwa kimejaa. Buti moja ina kiraka cha fundi baiskeli. Huyo fundi nilimlipa mimi.

Alikuwa amekaa. Nyundo iko mkononi.

Mama alisogea mpaka ukingoni akachungulia. Aliitazama ile nyundo. Halafu akasema, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana:

"Mwanangu alikufa akifanya kazi."

Watu wote wakanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa anafanya kazi."

Tukamzika nyumbani, karibu na zizi. Tangu siku hiyo mama hajaenda Sirari. Anakula. Analala. Anauza ndizi zake soko la hapa mjini. Juzi amemwambia binti yangu mwenye mimba kwamba akija wa kiume, jina lipo.

Kesi ya Machage iko mahakamani, hiyo tuwaachie wenyewe.

Sasa nimalizie lile lililobaki, ambalo mama halijui.

Baada ya pale nilipoinua mkono, kanda inaendelea sekunde kumi na moja. Machage anauliza jambo, Sylvester, ndiye yule wa sauti ya chinichini, anamjibu, kisha rekoda inazimwa.

Machage anasema, "Bado anagonga?"

Sylvester anasema, "Ameacha tangu jana."

Mama alikuwa pale siku ya Jumatano. Duara lilianguka Ijumaa. Hesabu mwenyewe, mimi nimeshahesabu usiku na mchana.

Alikuwa anapiga nyundo ukutani ili wamsikie. Walimsikia. Wakaongeza kifusi. Halafu mmoja wao akaenda kuandika kibwagizo, "Nipo hapa", na nyinyi mkakiimba, na mimi pia, nisiwe mnafiki, nilikicheza kwenye harusi pamoja na hasira zangu, kabla sijakielewa.

Faridu ameifuta ile kanda, lakini najua wapo mlioihifadhi. Wewe unayejua Kikurya, ukikutana na mama yangu sokoni, mpe shikamoo yake, nunua ndizi zake, upite. Akikuuliza mlisikia nini kingine, mwambie hakuna kingine, ni hayo tu anayoyajua.

Funzo ninalo moja na silipambi. Ukisikia mtu analia ndani ya wimbo, kabla hujainua mikono, uliza kwanza huyo ni nani na analilia nini.

Mimi nilimjua anayelia, sikuuliza ni nani anayeitikia "nipo hapa"; ningeuliza mapema, mama angepumzika zamani.