Barua ya Simu Niliyojifanya Nimeisoma

Admin, nakutumia kwa sauti, wewe uniandikie, na jina langu ulifukie kabisa. Kwa nini siandiki mwenyewe mtajua sasa hivi, na mtanicheka. Chekeni tu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi hapa Houston, Marekani, mtaa wa Sharpstown, kwa binti yangu ambaye ni nesi. Ujanani nilikuwa dereva wa trela. Nimetoka bandarini mpaka Kigali sijui mara ngapi na sikusoma kibao hata kimoja, barabara nilikuwa naijua kwa makalio. Nikirushwa na shimo nasema hapa Mtito, nikirushwa tena nasema hapa Salgaa. Wenzangu waliosoma walipotea, mimi sikupotea.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Kusoma sijui. Kizungu cha mdomo ninacho, tena kingi, Wazungu nimewachekesha mpaka wakashika mbavu. Lakini ukinipa karatasi ni sawa umempa mbuzi, tofauti ni kwamba mbuzi angeila. Marehemu mke wangu alijua, akanifichia mpaka alipokwenda. Binti yangu anadhani ni macho tu yamechoka.

Sasa hapa kwenye apartment tuna majirani wengi Wakongo. Waliponisikia nikibishana na meneja kwa Kizungu, wakaanza kuniletea barua zao. Ningesema sijui. Sikusema, nikavaa miwani. Wakanipa jina la Profesa, na mimi nikalipokea kama nimelisomea.

Kazi yenyewe niliifanya hivi. Bahasha yenye kidirisha, hiyo bili. Yenye muhuri wa ndege tai, hiyo serikali, namwambia mtu "peleka kwa caseworker wako, yule wa ofisi ya wakimbizi, usichelewe." Yenye rangi na picha ya watu meno nje, hilo tangazo, tupa. Na wallahi nyingi nilipatia!

Kuna mama mmoja wa ghorofa ya chini, nitamwita Mama Furaha, mjane wa Bukavu, anapakia mizigo kwa warehouse. Alikuwa na simu ya bure, zile za mpango wa serikali kwa wenye kipato kidogo, wanazigawa chini ya hema kando ya barabara. Siku moja akaja na bahasha. Imechapwa mwanamke anacheka, simu sikioni.

"Profesa, awa banasema nini?"

Nikaishika mbali, nikaishika karibu, nikakohoa. "Mama, hawa wanataka ununue simu mpya. Wameona wewe mrembo."

"Aa, mzee weye!" Akacheka. "Ni ya kutupa?"

"Lete hapa, friji yangu inacheza mguu." Nikaikunja nikaipachika chini ya friji. Haikupita muda ikaja nyingine, mwanamke yule yule. Nikamwambia, "Hawa wamekupenda kweli!" Tukacheka tena.

Halafu laini yake ikakatika.

Mngekuwa mnajua ile namba ni nini. Dada yake yuko kambini Uganda, simu hana. Kila Jumapili anaazima ya mtu, leo huyu kesho yule, anapiga namba moja aliyoishika kichwani. Siku chache kabla laini haijakatika wakaambiwa watahamishwa kambi nyingine, na dada akasema, "Nikifika nitakupigia nikwambie niko wapi." Ndipo simu ikafa. Mimi nikamwambia ni mtambo, itarudi. Jumapili tatu zimepita, mama amekaa kwenye ngazi na ile simu mapajani kama mtoto mgonjwa.

Ndipo nikaanza kuishuku ile barua. Nikaitoa chini ya friji, nikapanda basi mpaka Stafford, duka moja la khanga na viungo ambako hawanijui. Mwenye duka ni mama wa Kizanzibari. Nikamwambia nimesahau miwani. Akasoma, akaniangalia.

"Baba, hili si tangazo. Hii kampuni inajitoa kwenye mpango wa serikali wa simu za bure. Wanasema mteja achague kampuni nyingine kabla ya tarehe hii ahame na namba yake. Asipohama wanakata."

"Na tarehe?"

"Imeshapita. Mwenyewe alikuwa wapi?"

"Aliyemsomea hakusoma vizuri."

"Basi huyo Mungu amsamehe."

Nikanunua iliki. Iliki sikuwa naihitaji.

Nikaenda mpaka kwenye hema. Kijana wa pale akasema namba huenda haijapewa mtu bado, ila mama aje mwenyewe, aje na karatasi hiyo maana ina namba ya akaunti, na aje haraka. Hakuahidi kitu.

Narudi nyumbani, nakuta majirani wamemzunguka Mama Furaha, wanaitukana kampuni. Mmoja akauliza, "Lakini hawakukuandikia barua?"

Akajibu, "Hapana. Barua zangu zote Profesa ananisomea. Ingekuwemo angeniambia." Akanigeukia. "Si ndiyo, Profesa?"

Nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo, jamani, na barua iko mfukoni inanichoma paja.

Hiyo ilikuwa jana. Nimejitapa maisha yangu yote, haya haijawahi kunishika hivi. Nikimpa mkononi, atajua, na kesho apartment nzima itajua, na binti yangu pia. Nikinyamaza, namba inaondoka na dada anaondoka nayo. Nimefikiria niipenyeze chini ya mlango wake kimya kimya, nijifanye sijui. Lakini akiiokota, ataipandisha ngazi aniletee mimi nimsomee.

Nambieni, wanangu, nianze na neno gani mbele ya yule mama?