Milioni Moja na Moja ya Ukutani

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, kule Inyonga, Mwalimu Mkuu hakuniuliza cheti wala habari za safari. Alinipeleka nje ya ofisi, akanionyesha ukuta ulioandikwa kwa rangi ya mafuta: 1,000,001 NI NAMBA TASA.

"Binti, unajua maana yake?"

"Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, Mkuu."

"Haya, thibitisha."

Ndiyo ilikuwa desturi. Kila mwalimu mgeni aliigawa namba ile kwa namba tasa zote za kwenye chati ya ofisini, kuanzia mbili hadi tisini na saba, na kila mara sharti apate baki. Nilimaliza saa tisa alasiri, chaki hadi kwenye nyusi, ndipo nikapewa chai.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Ripoti ya Mwalimu Mkuu ndiyo ingenithibitisha kazini au kunirudisha Mpanda mjini, Majengo, kwa mama aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake ni mwalimu. Basi nikachapa kazi.

Wiki ya kuja Mkaguzi wa Elimu, nilikuwa nawafundisha darasa la saba njia ya mkato ya kuzidisha kwa mia moja na moja: zidisha kwa mia, kisha jumlisha namba yenyewe. Nikaandika ubaoni 9,901, bila kufikiri. Nyamizi, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, akasimama.

"Mwalimu, mbona nimepata ile ya ukutani?"

Nilirudia hesabu mara tatu. Kila mara nikapata 1,000,001. Namba isiyo tasa lazima igawanyike kwa namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili; cha ile ni kama elfu moja, kwa hiyo ilipasa tujaribu namba tasa zote hadi huko. Sisi tuliishia mia kwa sababu chati iliishia mia, na namba tasa inayofuata ni mia moja na moja.

"Nyie, hii isitoke nje ya darasa," nikawaambia. Ni sawa na kuitangaza redioni.

Ijumaa, shule nzima ikiwa mstarini, Mkaguzi akasimama mbele ya ukuta.

"Hii mmeithibitishaje?"

Mwalimu Mkuu akatabasamu. "Mwalimu wa hesabu atakueleza."

Darasa la saba zima likanikodolea macho. Nikamfikiria mama akiwakwepa majirani. Niliogopa kweli, lakini nikasema, "Samahani, Mkuu. Inagawanyika. Kwa mia moja na moja."

Mwalimu Mkuu akaomba chaki. Akagawa palepale ukutani, taratibu, akapata 9,901, baki sifuri. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Huyu mthibitisheni leo hii. Mimi nimewafundisha hawa watoto uongo miaka minane."

Nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu. Wanafunzi wamenisahihisha mara nyingi, na naona aibu kusema: Mwalimu Mkuu yule alikubali kosa lake kwa dakika tano, mimi kila mara ilinichukua wiki nzima kukubali langu, na bado nilinuna.