Utomvu wa Limbuko

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, nilimsikia mama mkwe akiniita kutoka nyuma ya jiko.

"Mkwe! Usije!"

Nikabaki mezani. Nilikuwa nikipanga somo la darasa la watu wazima la kesho yake, juu ya majaribu, na nilikuwa nimefika pale Hawa anapolitazama tunda na kuliona linapendeza.

"Mkwe! Njoo basi. Lakini usiangalie."

Nilifikiri jinsi ya kulitimiza agizo lote, nikaenda kinyumenyume.

Lazima nieleze. Kwa desturi ya kwetu bara, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Tunaishi ua mmoja hapa Msambweni, kwenye shamba la skimu ya makazi ya serikali, lakini yeye hula kwake nami kwangu, na salamu zetu hupita hewani. Tumeheshimiana hivyo miaka mingi bila hasara yoyote.

Mwaka huo mfenesi wetu ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza, tunda moja tu. Mama aliamuru kwamba hilo ni limbuko, litakwenda madhabahuni likiwa zima, wala hakuna mdomo utakaolionja kabla ya Jumapili. Wajukuu walionywa. Mimi nilionywa zaidi. Fenesi lilifunikwa gunia jikoni liive, na kufikia Ijumaa harufu yake ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. "Shetani naye ana marashi," mama alisema, akalikaza gunia.

Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Huvaa kitambaa cheupe cha kichwani, alama ya cheo hicho, husimama mlangoni, na hakuna anayeingia, ila mimi, bila kushikwa mkono naye.

Nilipogeuka, kwa ruhusa yake, nilimkuta ameketi kwenye kigoda, fenesi katikati ya miguu. Kisu kilikuwa kimegandamana na kiganja cha kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umevaa nusu ya leso. Alikuwa amejaribu sabuni na maji, kisha majivu, kisha leso, na kila dawa ilikuwa imebaki pale pale ilipopakwa.

"Nilitaka kuhakikisha limeiva," alisema. "Nisimpelekee Bwana tunda bichi."

"Na limeiva, mama?"

"Kokwa zote nne zilikuwa zimeiva."

Nimesoma kidogo juu ya utomvu: haukubaliani na maji. Lakini elimu hiyo haikunisaidia, kwa sababu mikono ile sikuwa na ruhusa ya kuigusa, na mke wangu alikuwa ameshaondoka kwenda zamu ya asubuhi hotelini Galu. Nikaenda kwenye ua wa mpakani, nikamwita jirani yetu, mama wa Kidigo aliyekulia chini ya mifenesi.

"Shikamoo, mama. Tuna shida ya fenesi."

"Marahaba, mwanangu. Limeoza?"

"Limemshika mama."

Alipofika alishika mwimo wa mlango kwanza, apate kucheka vizuri.

"Shoga! Fenesi unalipasua kwa mikono mikavu? Wewe ulidhani kabichi?"

"Cheka, lakini nitoe."

"Na majivu umetia! Alhamdulillahi, hukutia unga." Akafungua chupa yake ya mafuta ya nazi. "Sisi tunapaka mafuta kwanza, kisu na mikono, ndipo tunakula bila kuacha ushahidi."

Alimsugua kidole kimoja kimoja mpaka utomvu ukaviringika na kudondoka kama uzi. Leso haikupona. Mama aliitazama mikono yake, kisha akatazama tundu la fenesi, ambalo lingeingia ngumi.

"Kesho ndimi wa kulibeba," alisema. "Mbele ya watu wote."

Hapo mimi, mtu wa mpango, nilitoa mpango. Kile kipande cha ganda kirudishwe kama kifuniko, na fenesi likae kapuni tundu likitazama chini.

Mama alinitazama. "Mkwe, somo lako la kesho linahusu nini?"

"Majaribu, mama."

"Basi lisome leo."

Jumapili alisimama mlangoni bila kitambaa kichwani. Alikuwa amekikunja mkononi, amrudishie mchungaji. Wakati wa matoleo alilibeba fenesi mwenyewe, tundu likiwatazama waumini, akageuka.

"Hili ni limbuko letu, na tundu hili ni langu. Niliwakataza wajukuu, nikamkataza mkwe, halafu nikaamka kabla yao. Kitambaa hiki kipewe mwenye mikono safi."

Mchungaji alikohoa. "Lilikuwa tamu, mama?"

"Lingekuwa chungu, mchungaji, ningeacha kwenye kokwa ya kwanza."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyemzidi mama umri, akasimama. "Mkungu wangu wa ndizi ule pale una pengo," alisema. "Nilikuwa nimeuegemeza ukutani, pengo lisionekane. Mfungeni mwenzetu kitambaa chake, tuendelee, jua linapanda." Akamfunga yeye mwenyewe, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Baada ya ibada huwa tunanadi mazao nje, na fedha huingia hazina ya kanisa. Wengi wetu tumetoka bara, na habari za utomvu zilikuwa zimeshaenea. Mnadi alitangaza shilingi mia moja, watu wakaficha mikono.

"Mia mbili," akasema mama, akifungua fundo la fedha zake za mayai.

Sikuweza kuvumilia. Aliyekwisha kujieleza mbele ya watu wote, alipe tena?

"Mia tatu," nikasema.

"Mkwe, nyamaza. Dhambi ni yangu. Mia tano!"

"Mfenesi ni wangu, mama. Mia sita."

"Hao ni wa nyumba moja!" mtu akapiga kelele. Mnadi akamhimiza aache kuharibu kazi ya Bwana. Tulipandishana hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, kwa heshima zote, bila kutazamana, mpaka fundo lake likaisha.

"Elfu moja mia nne hamsini," nikamaliza.

Mama alikaa chini, akaweka sawa kitambaa. "Haya," alisema. "Nimekombolewa. Asante, mwanangu."

Fenesi nilimpelekea jirani. Alilipasua kwa mafuta, akaturudishia nusu, na mafuta ya chupa yake akakataa kulipwa. Leso mpya ilikuwa mia tano. Kwa tunda la shamba langu mwenyewe, basi, nilitoa jumla ya shilingi elfu moja mia tisa na hamsini.