Soda za Kumtazama Mgonjwa

Kwetu Magogoni mtu akisikia jirani yake hajiwezi, haanzi kwa kuuliza anaumwa na nini. Anaanza kwa kwenda dukani kununua soda. Mgonjwa awe amevunjika mguu, ana presha, ametolewa jino au amejifungua juzi, dawa ni hiyo hiyo moja: ya baridi, chupa kubwa, na ikipatikana ya rangi ya machungwa ndiyo bora zaidi. Sijui ni tabibu gani aliyewafundisha watu wetu kwamba kila maradhi hutulizwa kwa sukari na mapovu. Ningemjua ningekwenda kumtazama, nikiwa na chupa mkononi.

Soda hizo zilianza kumiminika nyumbani kwetu mwaka ule mamangu alipoanza kusali juu ya kiti.

Ilianza alasiri moja. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mama yuko chumbani anasali. Nikasikia naitwa kwa jina, na mamangu si mtu wa kumwita mtu katikati ya sala. Nilikwenda mbio nikamkuta kwenye msala, paji la uso liko chini, na goti la kulia limekataa katakata kumwinua. Mamangu siku hizo alikuwa pande la mtu. Nilimshika kwapani, nikavuta, tukayumba wote wawili nusura tuangukie kabati. Nilipomkalisha kitandani alilia, na si kwa maumivu.

"Sasa nitakuwa naongea na Mola wangu nimekaa kitako juu ya kiti," akasema, "utadhani mimi ndiye mkubwa wake?"

Nilimwambia dini imeruhusu, mgonjwa hana lawama. Akanijibu kwamba anajua dini imeruhusu, yeye ndiye hataki. Anataka kuweka uso wake chini na kuinuka mwenyewe, basi. Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Niliumia kumwona hivyo, na nikaapa moyoni kwamba goti lile litampeleka chini tena na kumrudisha juu, litake lisitake.

Tulikwenda hospitali kule Port Reitz. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, mpole, akalibonyezabonyeza goti, akaitazama picha, akasema, "Mama, goti hili halitaki kisu. Linataka kupunguziwa mzigo." Kisha akauliza mama anakunywa nini kwa siku.

"Chai tu," akasema mama.

"Na soda?"

"Siku moja moja."

Nilikohoa. Siku moja moja ya mamangu ilikuwa kila siku baada ya chakula cha mchana, na chai yake ya maziwa ilikuwa na sukari ya kutosha kupika halua. Daktari akatupangia: hakuna soda, hakuna juisi, chai bila sukari, wali wa nazi uwe wa siku maalumu, mboga zijae kwenye sahani, na kutembea pole pole asubuhi kabla jua halijawaka. Mama aliitikia kila neno, inshallah, inshallah, kama anayepangiwa safari ya Hija.

Na kwa kweli alijitahidi. Mimi nilidhani nitapigana naye, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeimwaga sukari ya kopo kwenye mfuko na kunipa nikampe jirani. Nikampikia chai ya rangi yenye tangawizi na iliki, akakunja uso siku za mwanzo, kisha akaacha kukunja. Mbaazi zikapungua tui, mahamri yakatoweka mezani, samaki akachomwa badala ya kukaangwa. Kila siku akiamka anaiangalia miguu yake, anaisemesha.

Wataalamu wa mtaani, wao, walikuwa na elimu yao. Mmoja alinisimamisha dukani kunieleza kwamba juisi ya miwa haihesabiwi kwa sababu muwa ni mti. Mwingine akaniambia sharubati ya ukwaju husafisha mafuta, ila uitie sukari nyingi, kwani ukwaju ni mkali na ukali huo utaunguza tumbo. Bibi mmoja aliniapia, wallahi, kwamba soda nyeusi ndiyo husaga chakula, na mtu asiyeinywa baada ya biriani huvimbiwa. Watu hao wote walikuwa wanahema kwa kupanda ngazi tatu za duka. Niliwashukuru nikaenda zangu, maana ningefungua mdomo tungeondoka pale na ugomvi.

Tuliporudi kliniki mizani ikasoma vile vile ilivyosoma mwanzo. Daktari aliniangalia mimi tu, jicho lile la kumuuliza mtu mzima, "Kweli mnafuata?" Nilikasirika mpaka nikatokwa na jasho. Nilijua ninachokipika. Nilijua hata chumvi ninayoitia.

Nililolijua kidogo ni habari za asubuhi. Mimi nafundisha watoto wadogo chekechea, natoka mapema na kurudi adhuhuri. Siku moja shule ilifungwa mapema kwa sababu maji yalikatika, nikarudi nyumbani bila kutarajiwa. Nikamkuta shangazi yangu, dada wa marehemu baba, amejaa kwenye kochi na buibui lake, na mbele yao chupa ya soda ya lita mbili imeshashuka nusu. Mama ameshika gilasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumtazama wifi yangu. Yuwakonda huyu! Mwampa nini hapa, majani?"

Mama hakunitazama. Alisubiri mpaka shangazi aondoke, kisha akaniambia wazi, bila kuficha, kwamba si shangazi peke yake. Tangu watu wasikie haonekani harusini wala matangani, wanakuja. Leo huyu, kesho yule. Jirani yetu mmoja wa bara, ambaye mumewe anafanya kazi bandarini, naye huja na mkate na paketi ya glukosi, akaikoroga mwenyewe jikoni kwangu.

"Na wewe unakunywa?"

"Naonja."

"Unaonja mpaka nusu chupa?"

"Mtu katoka Likoni, kavuka feri, kanunua kwa pesa yake," akasema mama. "Nimwambie arudi na chupa yake? Atasema nimemwogopa mkono."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kwetu ukikataa kinywaji alichokuletea mtu, yeye haelewi kwamba unapunguza mwili. Anaelewa kwamba umemwita mchawi. Kitu kilicholetwa kwa mgonjwa hufunguliwa pale pale, na mgonjwa hukionja mbele ya aliyekileta, ili kila mmoja ajue nyoyo ni safi. Kwa hiyo mamangu, mwenye goti bovu, alikuwa anakunywa soda za mtaa mzima ili kuwathibitishia wanga wasio wanga kwamba anawaamini. Na wao, baada ya kumjaza sukari, walikuwa wakitikisa vichwa na kuuliza kwa huruma mbona goti halipoi.

Nilitaka kuandika ilani mlangoni. Mama akaniambia nikifanya hivyo atahamia kwa shangazi. Nikakaa nikafikiri, na nilichokipata hakikuvunja adabu hata kidogo, ndiyo maana nilikipenda. Ikiwa mgonjwa hana ruhusa ya kukataa cha mgeni, basi mgeni naye hana ruhusa ya kukataa cha mwenyeji. Sheria ni hiyo hiyo moja.

Niliomba darasa langu lihamie alasiri, nikakaa nyumbani asubuhi kungoja wageni. Shangazi akaja wiki iliyofuata na chupa yake ya machungwa. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwombea dua, nikaenda nayo jikoni. Niliporudi na sinia, mama alikuwa na kikombe chake cha chai ya rangi, na shangazi ana gilasi kubwa iliyojaa soda yake mwenyewe mpaka ukingoni.

"Karibu, shangazi. Mama ashashika chai yake. Wewe umetoka mbali, una kiu."

Akanywa, akashukuru. Gilasi haijatua mezani nikaijaza tena. Akanywa. Nikaijaza. Gilasi ya tatu akaanza kuhema na kujipepea kwa ncha ya buibui.

"Yatosha, mwanangu."

"Yatosha vipi, shangazi? Utarudi Likoni useme kwa marehemu kaka yako kuna uchoyo?"

Alikunywa lita mbili zile karibu peke yake, huku akibeua nyuma ya kiganja na kusema astaghfirullahi kila mara. Alipoaga alitembea kwa uangalifu mkubwa. Mama alisubiri geti lifungwe, akaniambia nimefanya utovu wa adabu. Nikamwambia nimefanya ukarimu. Akajifunika uso kwa leso, na mabega yakawa yanatikisika.

Jirani wa bara nilimkorogea glukosi yake jagi zima. Kila aliyekuja na sharubati aliondoka nayo tumboni. Habari zilienea upesi, kwa sababu watu wetu ni wazito kwa kila jambo isipokuwa hilo. Baada ya muda hakuna aliyeleta chupa tena, na baadaye kidogo hakuna aliyekuja. Shangazi alisambaza Likoni nzima kwamba namuua mamangu kwa njaa nipate kuirithi nyumba, nyumba yenyewe ya mabati yanayovuja, na mimi ndiye ninayeweka ndoo.

Jirani wa bara peke yake alirudi. Alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni akasema, "Mama, kama daktari alisema utembee, mimi hutembea asubuhi kupeleka mtoto shule. Twende." Wakawa wanakwenda pamoja kila siku. Sitaki kumsifu kupita kiasi, maana njia nzima alikuwa akimsimulia mama magonjwa ya ukoo wake mmoja mmoja, na aliporudi hakuacha kusema, "Lakini umekonda sana, si ukapimwe?" Ila alikwenda naye, na akamrudisha.

Mizani ikaanza kushuka. Daktari akacheka, akampa mama mkono. Lakini siku moja mama aliketi barazani akitazama geti, akasema bila hasira, "Goti langu laenda vizuri, mwanangu. Lakini watu wangu umewafukuza." Neno hilo lilinichoma kuliko uvumi wote wa shangazi. Nilitaka kumwambia kwamba watu wanaokuja kwa sababu ya soda si watu. Sikusema, kwa sababu niliona yeye anawataka hivyo hivyo walivyo, na soda zao, na ujinga wao.

Nilimpigia shangazi simu mwenyewe. Nilimwambia mama amemkumbuka. Sikuomba radhi, na yeye hakuniuliza.

Alikuja Jumapili moja siku za vunja jungu, watu wanapokula vya mwisho mwisho kabla ya Ramadhani na kuombana msamaha. Na kwa kuwa binadamu hafunziki, alikuja na chupa mbili. Nilizichukua nikaziweka jikoni nikatafuta gilasi kubwa kuliko zote. Shangazi mwenyewe alikuwa ameongezeka. Kutoka getini mpaka kochini alipumzika mara mbili, na alipokaa alilishika goti lake kwa viganja viwili, nikajua naye analo bovu.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mama akatawadha, akatandika msala pale pale sebuleni. Kiti chake cha sala kilikuwa mahali pake. Akakishika mgongoni, akakisukuma mpaka ukutani.

Hakuwa ameniambia. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na sinia mkononi. Alirukuu vizuri, akasimama. Kisha akaanza kushuka, mkono mmoja umetangulia, goti zima, halafu lile jingine. Paji la uso likagusa chini. Akakaa huko muda mrefu, mrefu mno, na mimi nikawa nishaweka sinia chini niende nikamshike. Shangazi naye alikuwa amejiinua nusu kwenye kochi. Mama akainuka. Akashuka mara ya pili, akainuka tena mpaka akasimama wima, na hakuna aliyemgusa. Nililia pale mlangoni, na sikujali nani ananiona.

Akamaliza rakaa zake, akatoa salamu. Ikawa zamu ya shangazi kusali. Alisogea mpaka kwenye msala, akautazama, akatazama ukutani.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kile kiti, wakitumia tena?"

"Kichukue," mama akamwambia.

Nilikuwa na neno langu tayari, nimelitunza miezi mingi na kulinoa. Mama akanikata jicho. Nikalimeza, nikaenda kukibeba kiti, nikamwekea shangazi kwenye msala, akasali amekaa.

Baadaye nikaleta sinia: chai ya mama, na ile gilasi kubwa ya soda, imejaa. Shangazi aliitazama gilasi, akakitazama kikombe cha mama kinachofuka.

"Na hiyo chai yenu," akaniuliza, "mwaitia nini?"

"Tangawizi na iliki tu, shangazi."

Akaisogeza gilasi kando kwa kidole kimoja.

"Basi nitilie na mimi hiyo."