Sauti ya Baba wa Binti Yangu Iliyogeuka Nzito

Mtaani kwetu wanasema sauti ya marehemu haihamishwi. Ukiitoa kwenye chombo alichosemea inakuwa nzito, kwa sababu mwenyewe hataki kusumbuliwa. Mbele za watu nilicheka. Nyumbani sikuweza.

Asubuhi, kando ya mashine ya kusaga, Bi Spika anafungua kibanda chake. Anapangusa vumbi kwa upindo wa gauni, anavaa hedifoni zilizofungwa gundi. Kazi yake ni kutoa sauti kwenye vinasa vya zamani na kuzitia kwenye simu za watu. Kwa kazi hiyo analea wanawe peke yake, na zipo siku anarudi nyumbani na nauli tu.

Mimi ni mteja wake. Mume wangu alifariki binti yetu bado ananyonya, akamwachia maneno ya kusikiliza siku akiolewa. Harusi ni mwezi ujao. Kinasa alichosemea kimeshakufa, imebaki kadi yake.

Bi Spika akabadilisha faili, akanirushia. Tukamsikia mtu anavuta maneno kama mgonjwa, sauti kama inatoka shimoni. Binti akaniuliza, "Mama, huyu ndiye baba?"

Nikajifanya fundi. Nikaiongezea simu mwendo. Maneno yakakimbia, uzito ukabaki palepale. Nikarudi kibandani nimevimba kwa hasira.

"Shoga, usinile mbichi," akasema Bi Spika. "Hakuna mzimu hapa. Kila faili lina mwendo lililorekodiwa nao. Hili lako halisemi ni upi, nami nikabahatisha. Simu yako inaharakisha maneno tu, uzito haiugusi."

Akanichezea mwendo mmoja, wa pili, wa tatu, akiniuliza kila mara yupi mume wangu. Kila mmoja nilimdhania ni yeye. Nilikaa na mtu yule kitanda kimoja, leo naulizwa sauti yake sijui. Fundi naye alikuwa anajikuna kichwa tu.

Kisha akavua hedifoni. "Nyuma yake kuna kitu kinagonga. Ni nini?"

Ilikuwa saa yetu ya ukutani nyumbani. Mpaka leo inaning'inia palepale. Nikaifuata, nikaileta nimeifunga taulo kama mtoto mchanga. Wasaga unga wakauliza kama nimehama nyumba.

Bi Spika akailaza kando ya spika, akacheza tena miendo yote mitatu. Miendo miwili ikaachana na saa mapema. Mmoja ukagonga nayo, ta, ta, mpaka mwisho. Humo kulikuwa na kijana mwenye sauti nyembamba anamwambia bintiye asiogope.

Binti alilia kwa furaha. Mimi bado namkumbuka mzito kidogo. Sijui nikatae saa au nikatae kichwa changu.

Bi Spika anataka apate kinasa kizima cha aina ile, asibahatishe tena maneno ya watu. "Ningekosea mara moja tu," aliniambia, "binti angeolewa akimsikiliza baba wa kubuni."

Wenzangu, jiepusheni na haya:

Kufuta kadi ili kupata nafasi ya picha.

Kutupa kinasa kwa kuwa kimekufa.

Kupokea faili bila kulisikiliza palepale kwa fundi.

Kuongeza mwendo kwenye simu mkidhani mmetengeneza.

Kusikiliza ya mtaani kabla ya kumuuliza fundi.

Kungoja mpaka msahau sauti yenyewe.