Koki ya Mzee Yonezo

Mzee Yonezo wa Kitanuma hakuiamini nyumba yake hata kidogo. Nyumba isiyo na mtu, alisema, ni kama mtoto uliyemwacha kando ya kisima: geuza shingo tu, uone. Wala haikuwa hofu ya bure. Zamani baba yake aliwachukua wote mazikoni wakalala huko, na waliporudi wakakuta mabomba yamepasuka, maji yametapakaa vyumbani na kuganda, na ndara za bibi zimenasa sakafuni ndani ya barafu kama nzi ndani ya asali. Zilitoka theluji ilipoyeyuka. Bibi mwenyewe alishinda majira yote ya baridi akivaa viatu vya mjukuu.

Huku kwetu kila nyumba ina koki yake ya sakafuni, pale jikoni. Ukiondoka wakati wa baridi unaizungusha mpaka igome, unaacha bomba zote wazi hewa ipite, na maji ya nyumba nzima yanashuka zake ardhini, kusikofika baridi. Jambo la kawaida kama kufunga mlango. Lakini wenzake hufanya hivyo wakienda safari. Yonezo alifanya akienda kununua sigara. Siku moja alifanya hivyo huku mkewe, Sumie, yumo bafuni, kichwa kizima povu.

"Baba Chizuru! Maji yamekwenda wapi?"

"Nilidhani nyumba haina mtu."

"Na mimi ni nini, kabati?"

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Yonezo alimdharau kwa dhati, naye ni jirani yake, Mama Obara, mjane mcheshi. Bomba za Mama Obara ziliganda kila mwaka, na kila mwaka ungemkuta amechuchumaa kuzipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, huku akiimba. "Yule," alisema Yonezo, "simpi hata ufunguo wa banda la kuku." Kuku hakuwa nao, lakini ndivyo alivyosema.

Sasa, Sumie alikuwa na dada yake, Tomi, kule Beppu, mbali kusini. Mwaka huo Tomi alitimiza miaka themanini na nane, umri ambao mtu huvishwa kizibao cha manjano na kukalishwa mbele ya ukoo kama bibi harusi. Hawakuonana miaka na miaka, maana Sumie kila akitaka kwenda, kuna bomba. Tomi akapiga simu: "Ukishindwa safari hii, ndugu yangu, ijayo uje na ubani."

Sumie akakata simu, akafuta macho. "Mimi nakwenda. Wewe na bomba zako mtajuana."

Yonezo akakubali, shingo upande. Asubuhi ya safari alizungusha koki mpaka ikagoma, akafungua bomba zote, akamimina dawa ya kuzuia maji yasigande chooni, akalaza sikio sakafuni kama daktari. Nje Mama Obara, aliyejitolea kuwapeleka stesheni, alikuwa akipiga honi. Sumie akageuka mlangoni. "Ngoja nichukue skafu." Akaingia, akatoka, wakaenda.

Walipokwisha kukaa ndani ya treni Yonezo akatulia kidogo. Kisha akamtazama mkewe shingoni.

"Mama Chizuru. Skafu iko wapi?"

Sumie akatazama theluji dirishani.

"Ulirudi ndani kufanya nini?"

"Niliishika koki. Kuhakikisha tu. Wewe unasahau siku hizi."

"Ikazunguka?"

"Ikazunguka. Mpaka ikagoma."

"Inagoma pande zote mbili, mwanamke! Mimi nilikwisha kuifunga. Kama ilizunguka, basi umeifungua!"

Na bomba zote ziko wazi. Yonezo akaona maji yakifurika, yakivuka kizingiti, yakiganda. Akaziona ndara za bibi.

Treni ikasimama kwenye kistesheni kupisha treni ya kukwangua theluji. Yonezo akanyakua mkoba, akafika mlangoni, mguu mmoja ukakanyaga theluji.

"Nashuka."

Sumie hakuinua hata sauti. "Shuka. Nitamwambia dada shemeji yake amebaki kulea bomba. Nami nitarudi maua yakichanua, nikijisikia."

Yonezo akaganda pale pale, mguu nje, mguu ndani.

"Babu," dereva akaita, "unaingia au unatoka? Unatupoza wote."

"Mpigie yule mwanamke," Yonezo akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Mwambie ufunguo uko chini ya jiwe la pipa la achari."

"Mwambie mwenyewe." Sumie akapiga namba, akampa simu.

Yonezo akaishika kwa mikono miwili. "Mama Obara, jirani yangu mpenzi…"

"Mpenzi! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nakuomba uingie kwangu uangalie koki. Ufunguo uko…"

"Kaka, mbona nimo ndani? Nimewashusha stesheni, nimekuja moja kwa moja. Nimekuta bomba zinacheza ngoma, beseni linakaribia kumwaga. Nimeifunga koki, maji yameshuka yote, sasa napangusa jikoni. Achari zako tamu."

"Umeingiaje?"

"Kwa ufunguo alionipa Mama Chizuru tangu mwaka ule ulipolazwa. Mkiondoka tu, mimi huyo, naja kuangalia. Unadhani za kwangu zinaganda kwa nini? Mwenyewe niko kwako!"

Treni ya kukwangua ikapita kwa kishindo, ikamfunika Yonezo theluji mpaka kwenye nyusi. Akapanda. Akakaa. Vituo vikapita.

"Mlango ameufunga?" akauliza hatimaye.

"Kula chenza," akasema Sumie.

Wakafika Beppu, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakichemka, wala hakuna bomba iliyowahi kuganda. Tomi na Sumie walishikana mikono wakalia, wakacheka, wakalia tena.

Asubuhi ya sherehe, ukoo umejaa sebuleni, sauti ya Tomi ikatoka bafuni. "Nina sabuni machoni! Maji yamekwenda wapi?"

Sumie aliendelea kunyoosha kile kizibao cha manjano.

"Vumilia, dada. Shemeji yako ametoka kununua sigara."